Nitamwomba Nani Radhi?

Mwaka 1993 nilikuwa mwanagenzi katika karakana ya mafriji pale Mwembe Tayari, Mombasa. Nilikuwa na miaka 19. Asubuhi nilifagia, nikachemsha chai, kisha nikangojea kazi moja iliyonifanya nijione nami ni fundi: kukata bomba. Friji likiletwa kompresa imeungua, mwalimu wangu alikuwa akiniambia, "Kata, iwache iende." Nilishika koleo, nikabana kijibomba cha shaba ubavuni mwa kompresa, nikakata, na gesi ikatoka kwa mluzi huku ukungu mweupe ukinigandisha vidole. Kwa nusu dakika pale nilipochutama palikuwa na ubaridi. Halafu joto la Mombasa lilirudi pale pale, nasi tukaendelea na kazi.

Gesi ile ilikuwa namba 12. Ikishaachiwa hukaa angani kiasi cha miaka 100 kabla haijavunjika. Mwalimu wangu ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Karakana ilibomolewa, pakajengwa maduka ya simu. Mimi nina mjukuu. Na sehemu kubwa ya gesi niliyoiachia asubuhi zile ingali huko juu hivi ninavyoandika.

Kwa miaka mingi jambo hili halikunikosesha usingizi. Lililonikosesha ni swali la bibi mmoja wa Mji wa Kale, mwezi wa Februari mwaka 2025.

Bibi huyu anakaa ghorofani katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, kuta nene, dari ya boriti. Nyumba hizo zilijengwa na watu walioujua upepo. Waliyapanga madirisha kwa kusi na kaskazi, wakaacha ua katikati ili joto lipande lijiendee, na chumba kikakalika hata jua la saa saba. Lakini jirani alipandisha ghorofa tano za saruji na upepo ukafa. Mume wa bibi amepatwa na kiharusi, hajigeuzi, na jasho likimshika mgongo hutoka vidonda. Kiyoyozi walinunuliwa mwaka 2007 na mtoto wao aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Kinatumia gesi namba 22, ndiyo iliyokuwa ikitumika kila nyumba siku hizo.

Kila kaskazi ikishika, simu yangu ililia.

"Gesi imekwisha tena, mwanangu?"

"Imekwisha, mama."

Nilikwenda na mtungi, nikafunga geji, nikajaza mpaka mshale wa upande wa bluu ukasoma 68, nikapokea pesa zangu, nikanywa kahawa, nikashuka ngazi. Nilifanya hivyo kaskazi sita.

Februari ile nilipomtajia bei alinyamaza. Ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile aliyolipa mwaka uliopita. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: kwamba gesi hii huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua, kwamba mataifa yalipatana Montreal, tarehe 16 Septemba 1987, kuziondoa gesi za namna hiyo, na ofisi inayousimamia mkataba huo iko hapa hapa kwetu, Nairobi. Nikamwambia kuwa Marekani ilikoma kutengeneza na kuingiza namba 22 mpya tangu tarehe 1 Januari 2020, na kwamba nchi zinazoendelea zilipewa muda zaidi: kupunguza asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020, na kuanzia Januari 2025 asilimia 67.5. Ikifika 2030 itabaki kidogo mno, ya kutengenezea mashine kuukuu tu, nayo ifikapo 2040 iishe. Mitungi inayoingia bandarini imekuwa haba, na kitu haba hupanda bei.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Sawa, baba. Lakini mimi nimemkosea nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitarudi kesho, nikashuka ngazi na mtungi wangu begani, na mgonjwa nikamwacha ndani ya joto.

Kuna ukweli ambao kila fundi wa viyoyozi anaujua na wateja wengi hawaujui, nao ni kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi. Petroli huungua ikaisha. Gesi hii huzunguka ndani ya bomba lililofungwa, mara kimiminika, mara mvuke, inachukua joto chumbani na kulitema nje, na mashine ikiwa nzima, gesi iliyotiwa kiwandani ndiyo itakayokutwa humo siku inapotupwa. Ikipungua, imevuja. Hakuna sababu nyingine. Nami kwa miaka sita nilikuwa nikimwambia mama wa watu kwamba imekwisha.

Kwa nini sikutafuta panapovuja? Kwa sababu kujaza ni kazi ya nusu saa na pesa taslimu, na mashine inayovuja humrudisha mteja kila mwaka kama kodi ya nyumba. Mafundi wengi tunaishi hivyo, tena hatujioni waongo.

Kesho yake nilirudi na sabuni. Nikakoroga povu, nikapaka kwenye kila nati. Dakika 20 zilitosha kunionyesha nilichokikwepa miaka sita: mdomo wa bomba la shaba, chini ya nati ya mashine ya nje, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na povu lilikuwa likivimba hapo polepole. Nikaifunga gesi iliyobaki ndani ya mashine ya nje, nikakata mdomo ule, nikatanua mwingine, nikakaza, kisha nikajaza mpaka mshale ukasoma 68.

Kisha nikakaa kitako nikamweleza bibi ukweli wote, na pesa alizonilipa bure nikamwambia nitazirudisha. Alinitazama kwa muda. "Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Pesa utarudisha kidogo kidogo. Kunywa kahawa yako."

Tulivyofundishwa madrasa, toba ina masharti: ujute, uache, uazimie kutorudia. Na kosa likiwa limegusa haki ya binadamu mwenzako, kuna sharti la nne, umrudishie haki yake au akusamehe, kwa sababu haki ya mja haifutwi kwa kulia kwenye mswala. Kwa bibi niliweza kulitimiza sharti la nne. Yuko, ana mlango, ana sauti. Lakini gesi ile haikumdhulumu yeye peke yake, na niliposhuka ngazi siku ile nilikuwa nikipiga hesabu.

Kila kaskazi nilimjazia kiasi cha gramu 400. Kwa miaka sita hiyo ni kilo 2.4, zote zimekwenda angani. Kilo moja ya namba 22, mbali na kuumiza ozoni, hupasha dunia joto sawa na kilo 1,810 za hewa ya ukaa kwa hesabu ya miaka 100. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa hiyo. Gari la kawaida linalokwenda kilomita 10 kwa lita lingesafiri Mombasa hadi Nairobi na kurudi mara 19 ndipo lilingane na madhara ya ufa ule mmoja. Na mimi nina wateja wangapi? Na mafundi tuko wangapi kutoka Lamu hadi Vanga?

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hili nililichuma mimi, lakini walionilia janga langu ni watu wasiojua hata kwamba kuna mji unaoitwa Mombasa. Hapa kwetu karibu na Ikweta ozoni haikupungua sana. Gesi zinazotoka popote duniani huchanganyika huko juu, na klorini yake hufanya kazi mbaya zaidi juu ya Antaktika, penye mawingu ya baridi kali. Ndiko shimo lilikoonekana, wanasayansi wa Uingereza wakalitangaza mwaka 1985. Kati ya Septemba na Novemba hewa iliyopungukiwa ozoni huweza kusogea mpaka juu ya Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, na watu wa huko wakaamka jua lao likiwa kali kuliko kawaida. Bomba nililolikata Mwembe Tayari linamhusu mtoto wa Punta Arenas. Na wengine ninaopaswa kuwaomba msamaha hawajazaliwa bado.

Jioni moja baada ya Alasiri nilimfuata maalim wetu msikitini. Nilimuuliza nitamwomba nani radhi. Akaanza na fikihi, kama ilivyo kawaida yake: mwenye haki akikosekana, watafutwe warithi wake; wakikosekana, mali hiyo itolewe sadaka kwa niaba yake. Nikamwambia, maalim, hapa hapana mali, kuna hewa. Akanyamaza. Nikamuuliza jingine lililokuwa likinisumbua. Tangu wadogo tunaambiwa jirani ni nyumba 40 kila upande. Je, upande wa juu nao unahesabiwa?

Hakuliona swali la kitoto. Alifikiri, akipekecha tasbihi, kisha akasema, "Nyumba 40 zilitajwa kwa mtu ambaye moshi wa jiko lake unafika nyumba 40. Wako umefika wapi?"

Nikamwambia umefika mwisho wa dunia.

"Basi na ujirani wako umefika huko."

Nimelitafakari neno lile kwa zaidi ya mwaka sasa. Nalikubali, lakini limenifungulia swali gumu zaidi, la nia. Tunafundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Gesi ya namba 12 ilipotokea ilikuja na nia njema. Kabla yake mafriji ya majumbani huko Marekani yalitiwa kloridi ya methili, amonia au dayoksaidi ya salfa, na yakivuja usiku watu walikutwa wamekufa vitandani. Thomas Midgley na wenzake walitafuta gesi isiyoua na isiyoshika moto. Mwaka 1930 alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza juu ya mshumaa ukazimika. Alitaka waone kwamba haidhuru wala haiwaki, na kwa alichokiona alisema kweli. Aliitazama gesi hapa chini, mahali tunapovuta pumzi. Mpaka mwaka 1974 ndipo Mario Molina na Sherwood Rowland walipouliza inakwenda wapi baada ya hapo, na jibu likawa kwamba ule ule ugumu wake wa kuvunjika, uliosifiwa kuwa ndio usalama wake, ndio unaoifikisha kwenye ozoni ikiwa nzima.

Siwezi kumwita Midgley mdhalimu kwa gesi hii. Na yule kijana wa miaka 19 mwenye koleo simwiti mdhalimu pia. Aliambiwa kata, akakata, na aliyemwambia naye hakujua. Lakini mwaka 2012 niliketi siku tatu katika semina ya mafundi. Nikaonyeshwa picha za shimo. Nikafundishwa jinsi ya kuifungia gesi ndani ya mashine ya nje kabla ya kung'oa: unafunga valvu ya kimiminika kwa ufunguo, unaiacha kompresa ivute, mshale ukishuka karibu na sifuri unafunga valvu ya pili, unazima. Ni dakika chache. Haitaki mashine ya bei wala cheti. Nikapewa chakula cha mchana na fulana. Na mwaka 2014, 2016, 2019, nikiwa juu ya ngazi, jua la saa nane mgongoni na mteja akinihimiza, nilifungua nati nikaiacha iende. Nilijua. Hapo nia njema haiwezi kunisaidia, kwa sababu nia yangu ilikuwa kuwahi kushuka ngazi.

Kwa hiyo deni langu naliona mafungu mawili. La ujinga nalikabidhi kwa Mwenyezi Mungu. La kujua lazima nilifanyie kitu, na sadaka ya shilingi 200 kwenye sanduku la msikiti naiona kama kumhonga mtu asiyekuwepo. Nikaona malipo yatoke kwenye kitu kile kile nilichokipoteza.

Nilinunua mashine ya kuvutia gesi, iliyokwisha kutumika, na mtungi wa kurudishia. Ilinigharimu akiba ya miezi saba. Hoteli moja kaskazini mwa mji ilikuwa iking'oa viyoyozi vyake vya zamani kuweka vipya vya namba 32, na vile vya zamani vilikuwa vikitupwa na gesi ikiwa tumboni. Wachuuzi wa vyuma chakavu hukata mabomba kwa shoka ili wapate shaba. Nikaomba niwatangulie. Nilivuta gesi mashine moja baada ya nyingine, siku nne, nikiipitisha kwenye chujio la kukausha unyevu. Mtungi haujazwi zaidi ya asilimia 80, maana gesi hutanuka kwa joto na huweza kuupasua. Na kabla sijaitumia huiacha itulie kivulini kutwa nzima, kisha naisoma: joto likiwa nyuzi 30, namba 22 iliyo safi husimama karibu na 158 kwenye geji. Ikisoma vingine, imechanganyika na hewa au na gesi nyingine, na hiyo siitii kwa mtu.

Naitaja hesabu hiyo kwa sababu uhaba umeleta balaa lake. Siku hizi utaletewa mtungi wa kijani ulioandikwa 22, bei nusu, na ndani hujui mna nini. Wako wanaotia gesi inayowaka, jamaa ya ile tunayopikia, ndani ya mashine ambazo hazikuundwa kwa gesi inayowaka. Mwaka 2011 makontena ya baridi, yale ya samaki na matunda, yalilipuka bandarini huko Vietnam na Brazili na kuua mafundi waliokuwa wakiyatengeneza. Yalikuwa yametiwa gesi bandia yenye kloridi ya methili, ile ile ambayo kina Midgley walitaka kuiondoa majumbani. Kila nikipewa mtungi wa bei nusu namkumbuka mzee wa bibi ambaye hawezi kuinuka akakimbia.

Sidai kwamba ninalofanya limeniondolea deni. Gesi ninayoirudisha haijafa. Kuiua kabisa kunataka tanuri la joto kali mno, kitu ambacho fundi wa mtaani hana. Ninachofanya ni kuichelewesha isiende angani, na kila kilo ninayoitia tena ndani ya kiyoyozi kizee ni kilo mpya ambayo haikuhitaji kuagizwa. Hizo gesi zilizokuja baadaye, 134 na 410, haziumizi ozoni lakini hupasha dunia joto, nazo zimewekewa ukomo kwa makubaliano yaliyofanywa Kigali Oktoba 2016. Kesho nazo zitakuwa gesi za zamani, na bibi mwingine atauliza swali lile lile.

Swali lake lina haki ndani yake, na hapa sitaki kunyamaza. Kuiondoa namba 22 ni sawa. Mkataba ule umefanya kazi: wataalamu walioukagua mwaka 2022 walisema ozoni ya sehemu kubwa ya dunia itarudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo karibu 2040, na ya Antaktika karibu 2066, tukiendelea hivi. Lakini mizigo ya toba hii imeangukia nani? Wenye nyumba za Nyali, mtaa wa matajiri hapa Mombasa, walikwisha kubadilisha mashine zao zamani, gesi ilipokuwa rahisi, na wengi wao hawakuuliza ya zamani imekwenda wapi. Anayebaki na mashine kuukuu siku bei inapopanda ni yule asiyeweza kununua mpya. Bibi hakutengeneza gesi, hakuiuza, hakuiachia. Alitaka mumewe alale. Haki ingekuwa sisi tuliofaidika, watengenezaji, wauzaji na sisi mafundi, tumbebee gharama ya kupita kutoka zamani kuja sasa. Serikali ingeweza kuondoa ushuru kwenye viyoyozi vya gesi mpya kwa nyumba zenye wagonjwa, ikampa fundi mashine ya kuvutia gesi kwa mkopo usio na riba, ikamfuatilia anayeachia. Mimi siwezi kuingoja. Bibi gesi yake simtozi, na sitamtoza.

Fundi mwenzangu unayesoma haya, nakuomba mambo mawili. Usimwambie mteja gesi imekwisha. Mwambie inavuja, utafute inapovujia. Na kabla ya kung'oa mashine, funga valvu ile ya kwanza usubiri kompresa imalize kuvuta. Unisamehe nikikuudhi, lakini jua lililokuwa mgongoni mwangu ndilo lililo mgongoni mwako, na najua mtu hufanya nini akiwa peke yake juu ya ngazi.

Mtungi wangu wa kurudishia nimeupima asubuhi ya leo: una kilo 9 na robo. Kwa bibi nilipita juzi, kaskazi ikiwa imeshika. Mzee alikuwa amelala, mgongo umekauka. Nikafunga geji. Mshale wa bluu ulisoma 68, kama nilivyouacha mwaka jana, na sikuongeza hata gramu moja.